Rafiki yako akiwa ndiye gazeti lako

Hebu jiulize, msomaji: habari ya mwisho iliyokukasirisha wiki hii uliipata wapi? Sisemi iliyokuchekesha wala iliyokufundisha kupika pilau. Nasema ile iliyokufanya uweke kikombe cha chai mezani, utikise kichwa na kusema, "Watu hawa sasa wamezidi!" Huenda hukuisoma gazetini wala hukuisikia redioni. Uliletewa na rafiki. Labda ni jirani mliyekutana kwenye foleni ya maji, au mwenzako wa kazini mkisubiri matatu, au shemeji yako aliyeitupa kwenye kundi la WhatsApp la jamaa saa tano za usiku, ikiwa na ile mishale miwili inayoonyesha kwamba ilipita mikono mingi kabla ya kufika kwake.

Na kwa kuwa ni rafiki, hukuuliza maswali mengi. Mhariri wa gazeti humjui, na mtangazaji wa redio unamjua kwa sauti tu. Lakini huyu ndiye aliyekukopesha pesa mtoto wako alipolazwa hospitalini. Atakudanganyaje?

Kwa hakika, mara nyingi hakudanganyi, na hapo ndipo penye mambo. Uongo utapita hapa na pale katika makala haya, lakini ninalotaka tulitazame ni jambo gumu zaidi kulitambua: jinsi marafiki wema, wanaopashana habari ambazo nyingi ni za kweli, wanavyoweza kusukumana polepole hadi wakajikuta mahali ambapo hakuna hata mmoja wao aliyekusudia kwenda.

Wazazi wanane, shule moja

Tuseme katika mtaa wenu kuna shule ya msingi iliyopata mwalimu mkuu mpya mwanzoni mwa muhula. Wazazi wanne hukutana kila jioni kwenye kioski kimoja, wakinywa chai ya maziwa na mandazi. Wote wanne wana shaka naye kidogo. Si chuki, ni shaka tu, kama ile tunayokuwa nayo juu ya mtu yeyote mgeni. Katika muda wa wiki moja, kila mzazi anaona au kusikia mambo matano kuhusu mwalimu huyo. Matatu ni mazuri: ametengeneza vyoo vya wasichana, hufika shuleni kabla ya kengele, amemrudisha darasani mtoto aliyefukuzwa kwa kukosa sare. Mawili ni mabaya: alimjibu mzazi mmoja kwa ukali mbele ya watoto, na amebadilisha duka la kununulia sare bila kueleza sababu. Wenzake nao wana yao, matatu mazuri na mawili mabaya kila mmoja.

Jioni inafika. Mzazi wa kwanza ana mambo matano mfukoni. Atatoa lipi? Atatoa lile la ukali, kwa sababu anajua wenzake watasogeza viti karibu. Akitoa la vyoo, watasema "ehe" na kurudia chai yao. Wa pili anatoa la duka la sare. Wa tatu anaongeza lake, na wa nne hataki kuonekana kana kwamba hajui linaloendelea. Kufikia Ijumaa kioski kimekusanya mambo mabaya manane, yote ya kweli, yote yana mashahidi. Yale mazuri kumi na mawili yamebaki mifukoni, na kila mwenye nayo anadhani aliyaona peke yake. Shaka kidogo imegeuka kuwa hakika.

Ng'ambo ya barabara kuna kioski kingine. Huko wazazi wengine wanne walimpenda mwalimu huyo kidogo tangu siku ya kwanza, na mifukoni mwao kunatoka mazuri tu. Siku ya mkutano wa wazazi, makundi hayo mawili yanaingia ukumbini kila moja na ushahidi wake, kila moja likistaajabu jinsi wale wengine walivyo vipofu. Labda wana kitu wanachopewa na mwalimu? Labda wana kisasi naye? Tayari tumeacha kubishana kuhusu mwalimu na tumeanza kubishana kuhusu wao ni watu wa aina gani.

Utaona kwamba hakuna aliyesema uongo hata mara moja.

Wazee wetu walisema penye wengi hapaharibiki neno. Ni methali nzuri, ila nadhani walikuwa wakifikiria baraza la watu wenye mawazo mbalimbali. Penye wengi wa wazo moja, neno huharibika vizuri sana.

Kutoka Paris hadi Colorado

Wataalamu wa saikolojia wamelichunguza jambo hili kwa zaidi ya nusu karne. Mwaka wa 1969 Serge Moscovici na Marisa Zavalloni walichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanywa kwa wanafunzi wa shule za sekondari jijini Paris. Wanafunzi hao walikalishwa wannewanne, wakaombwa wazungumzie kwanza Jenerali Charles de Gaulle, aliyekuwa rais wa Ufaransa, na kisha Wamarekani. Kabla ya mazungumzo, kwa jumla, walikuwa wakimpenda de Gaulle kiasi, nao Wamarekani hawakuwapendeza sana. Baada ya mazungumzo, mapenzi kwa de Gaulle yaliongezeka na ubaya wa Wamarekani ukaongezeka vilevile. Hakuna mgeni aliyeingia chumbani kuwashawishi. Walishawishiana wao kwa wao.

Mwaka uliofuata, 1970, Wamarekani wawili, David Myers na George Bishop, walitoa matokeo yanayotisha zaidi. Waliwagawa wanafunzi wa shule ya sekondari kulingana na maoni yao kuhusu ubaguzi wa rangi: wenye ubaguzi zaidi wakakaa na wenzao, wenye ubaguzi mdogo wakakaa na wenzao. Wakaachwa wazungumze. Waliposimama, pengo kati ya makundi hayo lilikuwa pana kuliko walipoketi.

Lakini uchunguzi ninaoupenda zaidi ni ule uliofanywa mwaka wa 2005 katika jimbo la Colorado na Reid Hastie, David Schkade na Cass Sunstein. Colorado ina miji miwili isiyo mbali sana mmoja na mwingine. Boulder ni mji wa watu wenye siasa za mrengo wa kushoto, na Colorado Springs ni mji wa wahafidhina. Watafiti waliwakusanya wakazi wa kila mji katika vikundi vya watu watano hadi saba, bila kuchanganya miji, wakazungumzie mambo yaliyokuwa yakiwagawa Wamarekani, mojawapo likiwa ni kama nchi yao itie sahihi mkataba wa kimataifa wa kupambana na ongezeko la joto duniani. Kila mtu aliandika maoni yake faraghani kabla ya mazungumzo, na akayaandika tena faraghani baadaye.

Mazungumzo yenyewe hayakuwa marefu; dakika kama 15 kwa kila jambo. Hata hivyo, watu wa Boulder walitoka wakiwa wamesogea kushoto zaidi, na wale wa Colorado Springs wakasogea kulia zaidi. Isitoshe, ndani ya kila kikundi tofauti zilipungua. Yule wa Boulder aliyeingia akiwa na wasiwasi juu ya gharama ya mkataba alitoka akiwa hana wasiwasi mwingi. Na kumbuka kwamba maoni haya yaliandikwa kwa siri, hivyo huwezi kusema walikuwa wakiogopana. Walikuwa wamebadilika kwelikweli. Dakika 15! Sasa zidisha kwa jioni zote unazokaa na watu walewale.

Kwa nini iwe hivyo? Moja ya sababu umeiona pale kioskini: mtu anayeelekea upande fulani, akikaa na wanaoelekea upande huohuo, hupata sababu mpya za kuamini alichokuwa akikiamini na hapati sababu za kukitilia shaka. Nyingine ni ya moyoni. Kila mmoja wetu hupenda kuonekana mwenzi wa kweli, tena ikiwezekana mwenye bidii kuliko wengine. Wenzako wakisema mwalimu ni mkali, wewe utasema ni katili.

Wanafunzi mnaosoma ukurasa huu huenda mkavutiwa na jaribio la Garold Stasser na William Titus la mwaka wa 1985, kwa kuwa lilihusu kuchagua kiongozi wa wanafunzi. Vikundi vya watu wanne vilipewa wagombea watatu. Kila mtu alipewa sehemu tu ya habari kuwahusu. Sehemu nyingine za habari zilijulikana na wote, nyingine na mmoja peke yake. Laiti wangekusanya yote waliyoyajua, wangeona kwamba mgombea mmoja aliwashinda wengine waziwazi. Vikundi vingi havikumchagua. Muda wao uliishia katika kuambiana yale ambayo kila mtu alikuwa akiyajua tayari. Basi mnapokesha bwenini mkijadili uchaguzi wa chama cha wanafunzi, huenda kati yenu kuna mmoja aliyenyamaza na jambo lake, naye ndiye mliyepaswa kumsikiliza.

Tena msidhani simu ndiyo iliyoleta haya. Mwaka wa 1940 Paul Lazarsfeld na wenzake wa Chuo Kikuu cha Columbia walikaa miezi kadhaa katika wilaya ya Erie, jimbo la Ohio, wakiwafuatilia wapiga kura katika kampeni za urais kati ya Franklin Roosevelt na Wendell Willkie. Redio ilikuwa ndiyo chombo cha kutisha cha siku hizo, na wengi waliamini kwamba anayeimiliki ndiye mwenye kura. Watafiti waligundua kwamba watu walitaja mazungumzo na jamaa, majirani na wenzao wa kazini kuliko walivyotaja redio au magazeti. Habari ilitoka redioni ikaingia kwa mtu mmoja anayefuatilia mambo, na huyo ndiye aliyewapelekea wengine, akiwa ameshachagua la kupeleka na la kuacha.

Redio ilipopiga nyimbo

Wakenya tuliokuwa na akili timamu mwishoni mwa 2007 hatuhitaji kufundishwa haya na watu wa Paris wala wa Ohio.

Kura zilipigwa tarehe 27 Desemba. Tarehe 30 matokeo ya urais yakatangazwa, na siku hiyohiyo serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya habari katika redio na televisheni. Tuliambiwa nia ni kutuliza watu. Lakini fikiria hali ya mtu aliyejifungia nyumbani Kisumu, Eldoret, Nakuru au Mathare. Redio inapiga nyimbo. Duka limefungwa, gazeti halifiki. Kilichobaki ni simu, na ndani ya simu mna nani? Mna ndugu zako, mliosoma nao, mnaosali nao, mliotoka nao kijijini. Mna watu wako. Anayejua mambo yalivyo upande wa pili hana nambari yako, nawe huna yake.

Arafa zikaanza kuruka. Zipo zilizotukana jamii nzima na kuchochea mauaji, na hizo ndizo zilizosemwa sana baadaye. Lakini nyingi zilikuwa za aina nyingine: za onyo, za huruma, za maombolezo. "Jihadharini, wanakuja usiku huu." Aliyeituma hakujiona mchochezi, alijiona mlinzi wa wake na watoto. Na aliyeipokea, akachukua panga na kukesha mlangoni, naye alijiona hivyohivyo. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na wengine waliomwona mtu amesimama na panga usiku. Nao wakatuma arafa.

Zaidi ya hayo, mengi yaliyotumwa yalikuwa kweli. Kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa tarehe 1 Januari 2008 watu wakiwa ndani. Vijana walipigwa risasi na polisi Kisumu. Watu 19 walichomewa ndani ya nyumba Naivasha mwishoni mwa Januari. Yote yalitokea. Lakini kila jamii iliwasimulia watu wake zaidi juu ya maiti wake yenyewe, na ukiwa umejua majina ya wafu wako tu, utaona kana kwamba wengine hawakufiwa. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa katika ghasia hizo. Mamia ya maelfu walihama makwao. Kulikuwa na mizizi ya miaka mingi ya ardhi na siasa, nami sisemi kwamba arafa ndizo zilizoua. Nasema zilimfanya mtu aliyekuwa na hofu kidogo asubuhi awe na hakika ifikapo jioni.

Wakati huo wizara ya usalama wa ndani ilituma ujumbe kwa wenye simu ikiwaonya wasipeleke arafa za kuchochea ghasia, wasije wakashtakiwa. Serikali ilifikiria pia kuzima huduma ya arafa nchini kote. Michael Joseph, aliyekuwa mkuu wa Safaricom, alishauri kwamba badala ya kuzima, wateja watumiwe jumbe za amani. Kampuni hiyo ilikuwa na wateja kama milioni 9. Ulikuwa uamuzi wa busara, kwani arafa hizohizo ndizo zilizowaokoa waliotaka kujua njia ipi haina vizuizi. Lakini tuseme ukweli: ujumbe wa amani kutoka kwa kampuni ya simu hauwezi kuwa na uzito wa ujumbe wa binamu yako.

Nyumba moja, nchi tatu

Siku hizi arafa imezaa makundi. Ingia katika nyumba yoyote ya mjini jioni. Baba yuko kwenye kundi la waliosoma naye, mama yuko kwenye la kanisa na la chama, kijana yuko kwenye la chuo. Wanakula ugali mmoja na sukuma wiki moja, lakini ukiwauliza nchi inaendaje utadhani wametoka katika nchi tatu. Na pale ambapo mume na mke wametoka katika jamii mbili, msimu wa uchaguzi makundi ya jamaa za pande zote mbili huwa yanalala kitanda kimoja pamoja nao. Najua watu ambao kila baada ya miaka mitano huweka simu kifudifudi kuanzia Julai.

Lawama nyingi hutupiwa mitambo ya kampuni kubwa, nayo inastahili sehemu yake. Hata hivyo, mwaka wa 2015 watafiti wa Facebook walichapisha matokeo yaliyotokana na watumiaji zaidi ya milioni 10 wa Marekani. Walisema kwamba jambo lililowazuia watu zaidi kuona habari za upande wa pili ni aina ya marafiki waliokuwa nao, kuliko mtambo wenyewe. Unaweza kusema mwamba ngozi huvutia kwake, maana hao walikuwa waajiriwa wa kampuni hiyo. Lakini ukifungua simu yako na kuhesabu marafiki wanaokupinga, utaona kwamba hawakusema jambo la ajabu.

Uongo nao una mbio zake. Mwaka wa 2018 watafiti watatu wa chuo cha MIT walionyesha kwamba katika mtandao wa Twitter, kama ulivyoitwa wakati huo, habari ya uongo ilikuwa na uwezekano wa asilimia 70 zaidi wa kusambazwa kuliko ya kweli. Waliotenda hayo hasa ni watu, wala si mashine, na sababu waliyoitoa ni kwamba uongo huwa mpya. Kioski kingependa kusikia hilo.

WhatsApp ilijaribu kupunguza kasi. Baada ya mauaji nchini India yaliyotokana na uvumi juu ya watekaji watoto, mwaka wa 2018 iliweka mpaka huko kwamba mtu asipeleke ujumbe kwa zaidi ya makundi au watu watano kwa mara moja, na Januari 2019 mpaka huo ukaenea duniani kote. Aprili 2020, wakati wa korona, ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi ukaruhusiwa kwenda mahali pamoja tu kwa wakati mmoja. Ni breki, na breki ni kitu kizuri. Lakini haibadilishi basi linakoelekea, wala haimwambii yule mzazi wa kwanza atoe habari ya vyoo.

Wapo waliojaribu kulibadilisha basi lenyewe. Septemba 2019 James Fishkin wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake waliwakusanya wapiga kura zaidi ya 500 kutoka pembe zote za Marekani katika hoteli moja karibu na Dallas, Texas. Walichaguliwa kwa namna iliyowafanya wawe mfano wa nchi nzima. Kila mmoja alipewa kijitabu chenye hoja za pande zote mbili, na vikundi vilichanganywa makusudi: wa chama hiki na wa kile, maskini na tajiri, mweupe na mweusi, na msimamizi wa kuhakikisha kila mtu anasema. Baada ya siku kadhaa, katika mengi ya mambo yaliyokuwa yakiwagawa zaidi, wafuasi wa vyama hivyo viwili walikuwa wamekaribiana. Ni kinyume kabisa cha Colorado. Watu ni walewale Wamarekani, lakini waliokaa nao ni wengine. Tatizo ni gharama. Hatuwezi kuipeleka Kenya yote hotelini.

Swali la Tana

Ndiyo maana lililofanyika katika delta ya mto Tana linastahili kujulikana kuliko linavyojulikana. Huko wanaishi Wapokomo, ambao wengi ni wakulima, na Waorma, ambao wengi ni wafugaji. Wamegombania malisho na malka, yaani njia za kupitishia mifugo kwenda mtoni, kwa vizazi vingi, na pia wamefanya biashara kwa vizazi vingi. Tarehe 22 Agosti 2012 kijiji cha Riketa kilivamiwa na watu zaidi ya 50 wakauawa, wengi wao wanawake na watoto. Kisasi kikafuata kisasi. Kufikia Januari 2013 waliouawa walikuwa wamepita 100.

Kati ya kisasi kimoja na kingine kulikuwa na uvumi, na eneo hilo lilikuwa shamba lake zuri. Vijiji viko mbalimbali, barabara ni mbaya, magazeti ni nadra. Habari husafiri kwa simu na kwa mdomo, kutoka Mpokomo kwa Mpokomo na kutoka Mworma kwa Mworma. Kila upande unasikia kwamba wale wengine wananunua silaha. Na ikiwa unaamini jirani ananunua silaha, utafanya nini?

Shirika la Sentinel Project la Kanada, likishirikiana na watafiti wa iHub jijini Nairobi, lilianzisha huko mpango ulioitwa Una Hakika. Jina lenyewe, kama unavyoona, ni swali. Mwenye simu, hata ile ndogo isiyo na intaneti, alijiandikisha bila malipo. Akisikia jambo, kwa mfano kwamba watu wenye bunduki wameonekana karibu na kisima fulani, alituma arafa au kupiga simu. Wahusika wa mpango hawakumjibu papo hapo. Kwanza waliuliza wenyeji waliojitolea vijijini, walioitwa mabalozi, na chifu, na polisi, na yeyote aliyekuwa karibu na mahali palipotajwa.

Hapa kuna ufundi ambao mtu anaweza kuupita bila kuuona. Watu wengi wanaopinga uvumi huanza kwa kumkemea anayeueneza, naye hurudi kwa wenzake akiwa ameumia, ambako anapokewa kama shujaa. Una Hakika ilimchukulia mleta uvumi kama mtu mwenye wasiwasi aliyefanya jambo jema la kuuliza. Haikumtoa katika marafiki zake, wala haikumwambia aache kuwaamini. Ilimpa jambo moja ambalo marafiki zake hawakuwa nalo: mtu wa kwenda kutazama.

Mambo yakishajulikana, jibu lilirudishwa kwa waliojiandikisha. Wakati mwingine lilikuwa kwamba hakuna kitu. Wakati mwingine lilikuwa kwamba kuna kitu, lakini si kile kilichosemwa. Lilifika kwa arafa, kwa Kiswahili cha kawaida, katika simu za Wapokomo na za Waorma, maneno yakiwa yaleyale.